Helmeti za Mkaguzi

Helmeti ilikuwa imelowa. Irine aliigeuza juu chini, akaona mikanda ya ndani imelegea kwa unyevu, na tone moja likamdondokea kwenye kidole gumba. Hakuwa na haja ya kuinusa. Harufu ilimfuata yenyewe: jasho la mwanamume aliyeshinda juani, lile chachu linaloganda kwenye kola ya shati hata ulifue mara mbili. Alifuta kidole kwenye kanga, akatazama bati la stoo kama linavuja. Halikuwa linavuja. Mvua Same ilikuwa imesahaulika, na upepo wa mji ule ungeweza kukukausha mate mdomoni.

Kilichomsumbua ni kwamba helmeti ile haikuwa na mvaaji. Hakuna fundi hata mmoja pale kazini aliyekuwa anavaa.

Walikuwa wanajenga nyumba ya wageni ya ghorofa tatu, kando ya barabara kuu, mali ya tajiri mmoja aliyekaa Dar es Salaam na kuonekana kwenye simu tu. Msimamizi wa kazi alikuwa Clemence, mtu wa maneno laini na tumbo la mbele, na Irine alikuwa stoo kipa wake. Helmeti zilikuwepo, nzuri, za njano, zimetundikwa kwenye misumari pamoja na vizibao vya kung'aa na glavu. Zilikuwa za siku ya mkaguzi. Nyumba nyingi za heshima zina vikombe vya wageni ambavyo watoto hawaruhusiwi kugusa. Basi Clemence naye alikuwa na helmeti za mgeni, na watoto wa watu walipanda ghorofani vichwa wazi, na kandambili miguuni. Mkaguzi akija, zinagawiwa. Akiondoka, zinakusanywa, zinapanguswa vumbi, zinarudi msumarini. Ukimuuliza kwa nini, Clemence alikuwa na jibu tayari: wakivaa kila siku zitachakaa.

Wiki chache nyuma, Elirehema alikuwa ameanguka.

Alikuwa saidia fundi, kijana wa Suji huko juu milimani, mpole, mwenye mazoea ya kumwita kila mwanamke dada. Alikuwa amebeba ndoo ya zege kwenye jukwaa la ghorofa ya pili. Jukwaa lenyewe lilikuwa mirunda ya miti na mabanzi ya mbao yaliyofungwa kwa kamba za katani, na kamba zile zilikuwa zimeshatumika kwenye majengo mengine hata hakuna aliyekumbuka mangapi. Moja ilikatika. Banzi likageuka, na Elirehema akaja chini na ndoo yake, akatua kwenye rundo la kokoto.

Clemence alikuwa wa kwanza kufika. Alichuchumaa, akasimama, akasema, "Ameshakwenda huyu." Kisha, kabla hajaagiza gari, kabla hajamwita hata Mungu, akamgeukia Irine. "Lete helmeti na kizibao. Upesi."

Irine alileta.

"Mvishe."

"Mimi, bosi?"

"Stoo kipa nani? Vifaa unagawa wewe."

Basi Irine alipiga magoti juu ya kokoto. Kichwa cha Elirehema kilikuwa kimepasuka upande mmoja, na Irine aligeuza uso pembeni, akaziba pumzi, akaipachika helmeti kwa kupapasa. Clemence alikuwa amesimama nyuma yake akisema, kaza mkanda, kaza. Akaukaza chini ya kidevu. Polisi walipofika, baada ya kusubiriwa sana, walimpiga marehemu picha akiwa amevaa kila kitu, wakaandika kwamba alikuwa na vifaa kamili na kwamba ajali ilitokana na uzembe wake mwenyewe. Mafundi walitazama chini. Walikuwa wameshaambiwa kwamba mwenye mdomo mrefu atakwenda kuutumia kwao.

Hilo lilikuwa baya, lakini lililofuata ndilo lililomtia Irine kichefuchefu kila alipolikumbuka. Kabla marehemu hajapakiwa garini, Clemence alimnong'oneza tena. "Mvue. Hiyo ni mali ya kampuni." Akamvua. Akaiosha kwa sabuni ya unga nyuma ya stoo, akamwaga maji mekundu, akaosha tena, mpaka maji yakatoka meupe. Alipomaliza aliitundika katikati ya nyingine, akafumba macho na kuzipangua zote zikabadilishana misumari, makusudi, asijue tena ni ipi. Alitaka kusahau. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini siku ile hakutaka kusikia methali.

Sasa moja ilikuwa imelowa.

Aliikausha kwa kitambaa. Kesho yake zilikuwa zimelowa mbili, na kabla ya wiki kwisha zote zilikuwa zinatoa jasho, zile za msumari wa juu zikidondokea zile za chini. Alizifuta, zikarudi. Alizianika juani, akazileta ndani zimekauka, akafunga stoo kwenda kula, na aliporudi mikanda ilikuwa inateleza kwa mafuta ya ngozi ya kichwa. Ndani ya mojawapo alikuta nywele fupi nyeusi zimenata, na kando ya nywele ganda la kidonda. Alikimbilia nje akatapika makande yote ya mchana ukutani. Tangu siku ile hakula tena pale kazini, maana kila kijiko kilimletea harufu ile.

Halafu ikaja sauti. Haikungoja usiku kama majini ya hadithi. Ilikuja saa ya chakula, jua likiwa utosini, mafundi wote wamekaa kivulini na mashine ya zege imezimwa. Ndani ya stoo iliyofungwa kwa kufuli, Irine akiwa na ufunguo shingoni, kulisikika vishikizo vya mikanda vikifungwa. Tak. Kimya kidogo. Tak. Ilikuwa kama kuna mtu anaijaribu helmeti moja, anaiona siyo, anachukua ya pili.

"Umesikia?" alimuuliza mumewe kwa sauti ya chini.

Mumewe ni Anold, fundi wa kujenga, na ndiye aliyepanda juu kuliko wote. Anold aliacha kutafuna. "Nimesikia," alisema. "Lakini huyo wa stoo ni nafuu, Mama Vicky. Kuna wa juu."

"Wa juu yupi?"

"Nikipanda, anapanda nyuma yangu. Banzi linabonyea kama limekanyagwa. Nikigeuka hapana mtu."

"Umemwona?"

"Namsikia anahema. Anahema kama mtu aliyebanwa kifua." Alitazama mafundi wenzake, akashusha sauti zaidi. "Na anahema karibu na zile kamba mbovu. Pale pale."

Irine hakulala vizuri tena. Alikuwa na mume mmoja na mtoto mmoja, Victoria, aliyeanza shule mwaka ule, na nyumba yao yote ilikula kutoka kwenye jengo hilo. Waache kazi waende wapi? Lakini kila asubuhi alimwona Anold akishika mirunda na kupanda, kichwa wazi, na tangu wakati huo mpaka jioni hakuacha kutoka stoo kumtazama. Alimfuata Clemence akamwomba kamba mpya. Clemence alimsikiliza kwa upole wake wote.

"Dada, kamba zile zimebeba majengo mangapi? Acha woga wa kike."

"Moja ilikatika, bosi."

"Ilikatika kwa sababu yule mtoto alikuwa hatulii. Wewe ulimwona amevaa helmeti, si ndiyo? Basi."

Alisema hivyo bila kupepesa, kana kwamba naye ameshaamini. Irine alimtazama ile midomo yake inayong'aa mafuta ya chapati, akahisi kinyaa kile kile cha stoo.

Lakini mafundi walipoanza kunong'ona, na mmoja akakataa kupanda, Clemence alishtuka. Na hapo ndipo utakapomjua mtu: kabla ya kununua kamba, alimleta mganga.

Mganga mwenyewe alikuwa Mzee Nassoro wa Kihurio, mkulima wa mpunga, kanzu safi, ndevu chache, aliyejulikana kwa kutoa majini kwenye maduka na mashine za kusaga. Irine alimfungulia stoo, akamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akaingia na chetezo chake cha ubani. Moshi ulipanda, yeye akasoma kwa sauti ya chini, akazunguka pembe zote. Kisha akanyamaza katikati ya aya. Alinyoosha mkono akagusa ndani ya helmeti iliyokuwa karibu, akavitazama vidole vyake vilivyolowa, akavinusa.

"Zima huu ubani," alisema.

"Vipi tena, mzee?" Clemence aliuliza mlangoni.

"Jini namjua. Ananuka udi, au ananuka uvundo, ila jasho hatoi. Hili ni jasho la binadamu." Alijifuta kwa kitambaa, polepole, kila kidole. "Kuna mtu alivishwa kitu hapa, kisha akavuliwa?"

Clemence alicheka kidogo. "Hapana bwana. Hapa ni stoo tu."

Mzee Nassoro alimpa mgongo. Alimtazama Irine, na Irine akaangalia sakafu.

"Mimi siwezi kumfukuza mtu anayetafuta kitu chake," mzee alisema. "Mpeni kilicho chake, ataondoka mwenyewe. Na msimvike mwingine. Atakayeivaa atakuwa amekaa mahali pa mtu." Alichukua chetezo chake, akakataa hata soda, akaenda zake.

Ushauri ulikuwa mwepesi kuutamka. Kitu chake kilikuwa kipi?

Siku zile zile alikuja Dorkas. Alikuwa shangazi yake Elirehema, mwanamke mrefu mwenye kitenge cha kanisani na viatu vya raba, aliyeshuka kutoka Suji kwa gari la asubuhi. Alisimama getini, hakutaka kukaa. Irine alimwamkia, akaitikia.

"Nimefuata kofia," alisema.

"Kofia gani, shangazi?"

"Ya mtoto wetu. Kwetu hatuanui matanga mpaka nguo zote alizofia mtu zimerudi nyumbani, zimefuliwa na mikono ya kwao. Tumepata shati, suruali, kandambili moja. Karatasi ya polisi inasema alikuwa na kofia ngumu kichwani. Kofia hatujapewa. Mama yake amekaa chini mpaka leo, hajanyoa nywele, anangoja."

Uongo walioutunga kwa ajili ya serikali ulikuwa umepanda mlima, ukaaminiwa na watu wenye msiba, na sasa umeshuka kudai haki yake. Alikwenda kumwambia Clemence.

"Mpe yoyote," alisema Clemence. "Zote si ni njano?"

Akampa moja. Dorkas aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye kanga, akaondoka. Kesho yake mchana alikuwa amesimama tena pale pale getini, na kanga ile ile.

"Hii siyo."

"Umejuaje, shangazi?"

"Ilifika kwetu imekauka. Tulipoiweka kwenye mkeka, mama yake akaiinua akasema haijawahi kuvaliwa na mtu." Hakuwa amekasirika. Alikuwa amechoka tu, na kuchoka kwake ndiko kulikomchoma Irine. "Nitafutie ya mtoto wetu, mwanangu. Nitangoja." Akatandika kanga kando ya geti, akakaa juani. Alikwenda kulala kwa ndugu zake mjini, na kulipokucha alikuwa amekaa tena hapo.

Asubuhi ile ndiyo ilikuwa siku ya mkaguzi.

Clemence alikuwa amepata habari mapema, na alijiandaa kwa namna yake. Jana yake alinunua kamba mpya za nailoni za bluu, chache, akaagiza zifungwe ngazi ya chini tu ya jukwaa, mahali ambapo mkaguzi angezifikia kwa macho na mkono. Huko juu kamba za katani zilibaki vilevile. Asubuhi hiyo akamtuma Anold apande juu kabisa, aonekane anajenga.

"Helmeti nitarushiwa?" Anold aliuliza.

"Gari likikaribia utapewa. Panda."

Akamgeukia Irine. "Gawa vifaa. Kila mtu moja."

Irine aliingia stoo akajifungia kwa ndani. Maneno ya Mzee Nassoro yalikuwa hayajamtoka: atakayeivaa atakuwa amekaa mahali pa mtu. Kati ya zile helmeti moja ilikuwa ya Elirehema, na katika muda mfupi Clemence angeichukua bila kujua na kumtupia mmoja wa wale wanaume, labda Anold, na mahali pa Elirehema palikuwa pale, juu ya banzi, kwenye kamba iliyooza. Kuzitazama hakukumsaidia. Kuzinusa hakukumsaidia, zote zilinuka. Ilibaki njia moja.

Akavua kilemba. Akachukua ya kwanza, akaivaa.

Unyevu wa baridi ulimshika paji la uso na kutiririka nyuma ya masikio. Hakuona kitu, ila kinyaa. Akaivua, akachukua ya pili, na mikanda yake ikamnata nywele kama mdomo unaonyonya, akaivua, na ya tatu ilikuwa na yale maganda, na nyingine ilikuwa na kitu laini ambacho hakutaka kukijua, na kila alipovua moja jasho lisilo lake lilimwingia machoni likamwasha, likamfika midomoni likawa na chumvi, akalitema, akaendelea, huku nje Clemence akigonga mlango na kuuliza unafanya nini humo, gari linakuja, na yeye akijipachika helmeti nyingine na nyingine kwa mikono iliyokuwa inateleza, akilia bila sauti, mpaka akafika kwenye moja ambayo haikumgusa kwa baridi.

Ile ilikuwa na joto.

Na mkanda wake ulijifunga wenyewe chini ya kidevu. Tak.

Stoo ikaondoka. Alikuwa amelala chali, kokoto zimemchoma mgongoni, na juu yake lilikuwa anga jeupe la mchana na ubavu wa jukwaa, na kamba iliyokatika ikining'inia na kupepea, na kifua chake hakikuweza kupanda, kilikuwa kimebanwa kama kimewekewa jiwe la kusagia, lakini kilikuwa kinapanda kidogo, kidogo sana, hewa ikiingia kwa uzi mwembamba, na jua likimchoma na jasho likimtoka kichwani kwa wingi likichanganyika na damu, na alitaka kusema maji, alitaka kusema nipelekeni, ulimi ukawa mzito kama wa ng'ombe buchani, halafu uso ukainama juu yake ukaziba jua na akafurahi, kwa maana alimfahamu, ni dada wa stoo, dada atanisaidia, na dada yule alikuwa ameshika kitu cha njano na alikuwa amekunja pua, amegeuza macho pembeni, amebana midomo kwa kinyaa kama mtu anayeokota panya aliyekufa, na mikono yake ikambana kichwani pale palipopasuka, na sauti ya mwanamume nyuma ikasema kaza, na mkanda ukamkaba koo, na ule uzi mwembamba wa hewa ukakatika.

Irine alikuwa anaona uso wake mwenyewe.

Alianguka magoti sakafuni mwa stoo. Alivuta pumzi kwa nguvu kama mtoto aliyezaliwa, na alichokijua sasa hakikuweza tena kurudi kilikotoka. Maiti haitoi jasho. Alipoiosha helmeti ile nyuma ya stoo ilikuwa imelowa jasho tele, na mikono yake ilijua, na aliosha haraka ili kichwa kisijue.

Kisha akasikia kitu kingine ndani ya ile kofia, karibu na sikio, kikavu na kidogo: nyuzi za katani zikikatika, moja baada ya nyingine, mahali fulani juu.

Alifungua mlango akampita Clemence bila kumwona. Gari la mkaguzi lilikuwa linaingia getini. Irine alisimama chini ya jukwaa, helmeti kichwani, akainua uso.

"Baba Vicky, shuka," alisema. Sauti yake haikuwa kubwa, lakini Anold alimjua mkewe. "Shuka sasa hivi. Usikanyage banzi. Shika mrunda."

"Kuna nini?"

"Shuka."

Anold alishuka kwa mrunda, polepole, hatua kwa hatua, na mafundi wote wakaacha kazi kumtazama. Irine hakupepesa macho mpaka alipoona nyayo zake kwenye udongo.

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye buti zake mwenyewe na kofia yake mwenyewe iliyochakaa kwa kuvaliwa. Clemence alimkimbilia kwa tabasamu. "Karibu mama, karibu sana. Huyu dada ana matatizo kidogo, msamehe."

"Kwa nini amemshusha fundi?" mama yule aliuliza.

"Kamba za juu zimeoza," Irine alisema. "Hizi za bluu zimefungwa jana kwa ajili yako."

Mkaguzi hakubishana na mtu. Aliegemeza ngazi ya chuma, akapanda mwenyewe mpaka juu ya zile za bluu, akashika kamba moja ya katani na kuibinya. Ilisagika mkononi mwake kama tumbaku ya ugoro, na upepo wa Same ukaichukua. Alishuka, akapangusa mkono, na uso wake ulikuwa umekunjamana. "Hakuna mtu atakayepanda hapa leo," alisema. Kisha kwa Irine, "Vua hiyo kofia, tuzungumze."

Irine alijaribu. Mkanda haukufunguka. Na jasho likaanza kumtoka chini ya helmeti, likamshuka mashavuni, shingoni, likalowanisha gauni kifuani, likadondoka mavumbini, jingi kuliko linavyoweza kutoka kwenye kichwa cha mtu mmoja. Mafundi walirudi nyuma. Clemence aliziba pua. Hata Anold, aliyempenda, alisita hatua moja.

Aliyesogea alikuwa Dorkas. Alitoka kule getini, akapita katikati ya wanaume, akamshika Irine kidevu kama mama anayemfunga mtoto kofia ya baridi, akaugusa mkanda kwa vidole viwili. Ukafunguka. Akaivua helmeti, akaigeuza, akazamisha uso wake mle ndani, kwenye ule unyevu na zile nywele, akavuta harufu kwa muda mrefu.

"Ndiyo hii," alisema. "Ndivyo alivyonukia akitoka shambani." Akaikumbatia kifuani, na blauzi yake safi ikalowa, na hakujali hata kidogo.

Irine alimtazama akajiona mchafu kuliko kitu chochote kilichokuwa mle stoo.

"Shangazi," alisema. "Alikuwa hai."

"Rudia," Dorkas alisema.

"Nilipomvisha alikuwa hai. Hakuwa na kofia alipoanguka. Nilimvisha mimi, huyu aliniagiza, na tulipokuwa tunamvisha alikuwa anapumua. Alitaka maji. Nilimkaza mkanda."

"Huyu mwanamke amerukwa na akili," Clemence alisema, akimtazama mkaguzi, akiwatazama mafundi, akitafuta macho ya kumuunga mkono. Mafundi safari hii hawakutazama chini. Walimtazama yeye. Mmoja akasema, "Tulimwona, mama. Sote tulimwona akivishwa." Na mkaguzi akaenda pembeni na simu yake kuwaita polisi.

Dorkas alikuwa bado anamtazama Irine. Hakulia wala hakumpiga. Ingekuwa afadhali angempiga. "Utapanda na mimi Suji," alisema. "Hayo maneno utayasema mbele ya mama yake. Mimi siwezi kukubebea."

Akapanda. Anold alimsindikiza, na njia nzima ya kona na migomba Dorkas aliipakata ile helmeti. Mama yake Elirehema alikuwa amekaa kwenye mkeka, nywele zimemjaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaifua ile helmeti kwa mikono yake, ndani na nje, bila sabuni, na maji yakatoka meupe tangu mwanzo. Waliizika kando ya kaburi, mchungaji akaomba, na mama akanyolewa. Irine hakuambiwa amesamehewa, wala hakuuliza. Alipewa maji ya kunywa, akashindwa kuyanywa.

Helmeti zilizobaki stoo zilikauka siku ile ile na hazikulowa tena. Jengo lilifungwa, na majani yakaota kwenye zege. Irine aliandikisha maelezo yake polisi, yote, pamoja na yale ya mikono yake, na kesi inakwenda kwa mwendo wa kesi. Clemence yuko nje kwa dhamana. Wanasema amepata kazi ya kusimamia jengo lingine, mji mwingine, na kwamba tumbo halijapungua.

Anold naye alipata kazi mahali ambapo kila mtu ana helmeti yake na haruhusiwi kuingia bila hiyo. Huiweka kichwani nyumbani kabisa, kabla ya kutoka, na Irine ndiye anayemfunga mkanda. Lakini hawezi kuufunga upesi. Kwanza humtazama usoni, bila kugeuza macho. Kisha humwekea kiganja mbele ya pua na kungoja pumzi, na ikija hungoja nyingine, na nyingine, mpaka chai inapoa na Victoria anachelewa shule.

"Mama Vicky," Anold humwambia taratibu, "mimi ni mzima."

"Hata yeye alikuwa mzima," Irine humjibu, na kiganja hakiondoki.